Kurudisha ratiba ya masomo ya nyumbani baada ya likizo ya Pasaka: tuanzie wapi?

MamaNeema_Sakina (Arusha)

Wazazi wenzangu, habari za mvua. Naomba ushauri kwa wanaosomesha watoto nyumbani. Likizo ya Pasaka imekwisha na ratiba yetu imelala kabisa. Ninao watatu. Wa miaka 5 ndiyo kwanza anatambua herufi. Wa miaka 8 alikuwa anasoma Kiswahili vizuri na tebo za kuzidisha alishafika ya sita. Wa miaka 11 tulimwachia katikati ya mada ya sehemu (kama 1/2 na 1/3) kwenye Hisabati. Sasa hivi wanalala saa 5 usiku, wanaamka saa 3 asubuhi, simu na katuni kutwa, na nikitoa daftari wananuna.

Nirudishe masomo yote kwa mpigo Jumatatu au kidogo kidogo? Na nitajuaje kipi wamesahau na kipi hawakuwahi kukielewa tangu mwanzo? Halafu tuko nyuma mada mbili za Hisabati kwa huyo mkubwa, nilifikiria tuzilipe Jumamosi. Leo ni Jumanne, kwa hiyo ninazo siku chache za kujipanga.

---

Mwl_Rau (Moshi)

Mama Neema, pole na majukumu. Daftari liache kwanza, anza na usingizi. Mtoto aliyelala saa 5 usiku ukimwamsha alfajiri ya Jumatatu atakaa mezani macho yakiwa wazi tu, na wewe utadhani amesahau kila kitu.

Usihangaike kwanza na muda wa kulala. Hamisha muda wa kuamka, usingizi wa usiku utafuata wenyewe siku ya pili au ya tatu, kwa sababu mtoto hulala kwa urahisi akishakuwa macho kwa saa nyingi. Ukimlaza mapema bila kumwamsha mapema atagaagaa kitandani na mtagombana bure. Kwa hesabu yako: kesho Jumatano waamke saa 2:30, Alhamisi saa 2:00, Ijumaa saa 1:30, Jumamosi saa 1:00, Jumapili saa 12:45. Jumatatu mko tayari. Wakishaamka watoke nje dakika kumi, hata kama kuna wingu na mlima hauonekani. Mwanga wa nje siku ya mawingu bado unaushinda kwa mbali ule wa taa ya sebuleni, na ndio unaouambia mwili kwamba kumekucha. Kwa siku hizo tano wakubwa wasilale mchana. Ikibidi, iwe dakika 20 na kabla ya saa 9 alasiri.

Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku, wa miaka 3 hadi 5 saa 10 hadi 13 ukijumlisha na wa mchana. Maana yake, kwa kuamka saa 12:45, wakubwa wawe wamesinzia saa 2:45 usiku na mdogo saa 2:00. Nasema wamesinzia, siyo wameambiwa wakalale. Simu zikusanywe saa 12 jioni na zilale chumbani kwako.

Jumatatu usirudishe masomo yote. Siku tatu za kwanza ni Kusoma, Kuandika na Hisabati tu, vipindi vya dakika 20 hadi 25, na mmalize saa 5:30 asubuhi hata kama wanataka kuendelea. Sayansi irudi Alhamisi, mengine wiki ya pili. Ratiba nzima ikirudi Jumatatu, siku hiyo inakwenda vizuri kwa sababu ya ugeni, Jumanne inasuasua, na Jumatano wewe ndiye unayechoka wa kwanza.

Kujua walichosahau hakuhitaji mtihani mrefu. Kwa kusoma, chukua kifungu asichokijua chenye maneno kama 100, mpe asome kwa sauti, wewe weka alama kwenye kila neno analokosea au unalomsaidia. Makosa 5 au pungufu, kitabu hicho atajisomea mwenyewe. Makosa 6 hadi 10, asome nawe. Yakizidi 10, rudi kitabu cha nyuma kwa wiki moja, usimlazimishe. Sikiliza pia anakosea wapi. Baada ya likizo wengi huanza kubahatisha mwisho wa neno, na silabi zenye konsonanti zilizoungana (ngw, mbw, shw, ng') ndizo zinazolegea kwanza. Kwa Kiingereza, kosa linalorudi mapema ni kusoma herufi kwa sauti za Kiswahili.

Kwa huyo wa miaka 8, mpe swali moja tu la kutoa: 503 − 278. Jibu sahihi ni 225, lakini jibu lisilo sahihi ndilo litakalokueleza mengi. Akiandika 375, anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa katika kila safu bila kujali ipi iko juu: 5 toa 2, 7 toa 0, 8 toa 3. Huyo rudi naye kwenye vijiti vilivyofungwa kumi kumi, avunje furushi kwa mikono yake. Akiandika 235, kukopa anakumbuka, ila amesahau kwamba ile sifuri ya makumi ikishapewa kumi kutoka kwenye mamia, inatoa moja kwenda kwenye mamoja na inabaki 9. Huyo wa pili anahitaji mifano mitatu au minne tu ya namba zenye sifuri katikati. Wote wawili wamekosa swali, lakini ukiwarudisha wote kwenye vijiti utamchosha mmoja wao bila faida.

Kwa mkubwa muulize 1/2 + 1/3. Akikujibu 2/5, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Usimwambie kanuni ya kutafuta asili ya pamoja kwanza. Mkatie ukanda wa karatasi wa sentimeta 12. Nusu yake ni sentimeta 6, theluthi yake ni 4, jumla 10 kati ya 12, yaani 5/6. Halafu mwonyeshe kwamba 2/5 ya ukanda ule ule ni sentimeta 4.8, pungufu hata ya ile nusu aliyoanza nayo. Akiliona hilo kwa rula, kanuni ataikubali kwa sababu ameiona haja yake.

---

BabaTumaini_UsaRiver

Mwalimu kagusa penyewe kuhusu usingizi. Mimi natofautiana naye hapo kwenye upimaji, kama unaufanya Jumatatu. Sehemu kubwa ya kinachoonekana kimesahaulika kimesinzia tu. Acha siku mbili za kusoma na kufanya maswali mepesi ya mada za zamani, halafu pima Jumatano. Kitakachokuwa bado hakipo Jumatano ndicho kimepotea kweli. Ukipima Jumatatu utapanga marudio ya vitu ambavyo vingerudi vyenyewe, na mtoto anaanza muhula akijiona hajui.

Kwenye simu: usitangaze kwamba simu imepigwa marufuku. Ihamishie mahali pake, mchana baada ya kazi kukamilika, na muda ujulikane. Mtoto anayejua simu ipo saa 9 alasiri atafanya kazi. Aliyeambiwa haipo kabisa atashinda akiitafuta.

Na tafuta kitu kimoja kinachofanyika kila siku saa ile ile, kisichokuwa daftari. Kwa msimu huu, kipima mvua. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi huku kwetu, Arusha na Moshi, kwa hiyo watoto watakuwa na namba mpya karibu kila asubuhi. Kisomwe saa 3 kamili asubuhi, ndiyo saa ya kawaida ya vituo vya hali ya hewa. Wenyewe watakukumbusha.

---

Mwl_Rau (Moshi)

Baba Tumaini, kwenye kusoma nakubaliana nawe, Jumatano ni bora. Kwenye Hisabati hapana. Mtoto anayetoa kwa kugeuza tarakimu, ukimwachia siku mbili za maswali mepesi bila kumwona, anaizoesha njia mbovu na kuing'oa inakuwa kazi. Lile swali moja la 503 lifanyike Jumatatu, kama mazoezi mengine tu, bila kuliita mtihani.

---

MamaNeema_Sakina

Asanteni sana, mwalimu na Baba Tumaini. Nimeshaandika muda wa kuamka ukutani. Nina maswali mengine. Watatu hawa niwapangeje asubuhi wakati niko mmoja? Nikikaa na mkubwa, mdogo anakuja kuvuta daftari. Tebo za wa kati nizirudisheje, maana hata ya tatu anahesabu kwa vidole? Na zile mada mbili za mkubwa ndiyo hamjanijibu. Jingine, nyumba yetu ni ya bati bila dari, mvua ikianza hatusikilizani kabisa.

---

Mwl_Rau (Moshi)

Anza na mdogo. Watu wengi huanza na mkubwa kwa sababu ana kazi nyingi, lakini mtoto wa miaka 5 akisubiri ndipo anapovuruga. Akishapata dakika zake 15 za mama peke yake, ataridhika kucheza karibu. Asubuhi ya wiki ya kwanza iende hivi:

Saa 2:00 hadi 2:15, wewe na mdogo: herufi mbili, kuhesabu vizibo vya soda mpaka 10, kuchora herufi kwenye mchanga au unga kwenye sinia. Wa kati anasoma kitabu alichokwisha kukisoma, mkubwa anafanya maswali matano ya mada ya zamani.

Saa 2:15 hadi 2:40, wewe na wa kati. Mkubwa anamalizia na kuandika insha fupi, mistari 8 inatosha.

Saa 2:40 hadi 3:00 wote nje, na saa 3:00 kamili mnasoma hicho kipima mvua.

Saa 3:05 hadi 3:30, wewe na mkubwa, hapa ndipo sehemu zinapofundishwa. Wa kati anaandika alichojifunza nawe. Mdogo ana kikapu chake cha vitu vya kuchezea ambacho hutolewa saa hiyo tu na kufichwa baada ya hapo. Hilo la kufichwa usilipuuze, kikapu kinachoonekana siku nzima hakimshiki mtoto.

Kisha imla, kusahihisha, na chai ya saa 4. Baada ya chai, kusoma kwa sauti wote pamoja dakika 20, mkubwa na wa kati wakipokezana, halafu wakubwa wanarudia kile kilichokwama asubuhi. Saa 5:30 funga. Chai isisogezwe hata siku moja. Watoto wanavumilia kipindi kigumu wakijua chai iko mbele yake. Kuandika nako kuanze kidogo, vidole vya wa kati vimelegea, mistari mitano safi inatosha badala ya ukurasa wenye herufi zinazoporomoka.

Tebo. Usiimbishe kuanzia ya kwanza. Anayeimba "sita moja sita, sita mbili kumi na mbili" anaweza kuimba mpaka mwisho na bado usipate jibu ukimuuliza 6 × 7 ghafla, maana inambidi aanze wimbo upya. Tengeneza kadi. Ukiondoa za moja na za kumi, na ukikubali kwamba 3 × 8 na 8 × 3 ni kadi moja, kutoka 2 × 2 hadi 9 × 9 zinabaki kadi 36 tu. Ukiondoa za 2 na za 5, ambazo wengi hawasahau, zinabaki 21. Manila moja inatosha kwa zote na inabaki. Swali mbele, jibu nyuma.

Siku ya kwanza pitisha zote 36. Akijibu ndani ya sekunde 3 bila vidole, kadi iende kundi A. Akijibu kwa kuhesabu, kundi B. Akikosa, kundi C. Kila siku chukua kadi 4 tu za C na 4 za B. Kadi ya C ikijibiwa vizuri siku tatu mfululizo inapanda B. Ya B ikijibiwa haraka siku tatu inapanda A. Kundi A linapitiwa Ijumaa tu, na ikikosewa inarudi B bila kelele. Dakika 7 kwa siku, zisizidi. Kinachoharibu zoezi hili ni mzazi kuingiza kadi 15 za C kwa siku moja kwa haraka ya kumaliza. Majibu yanagongana kichwani, hasa 6 × 8, 7 × 8 na 6 × 9, yaani 48, 56 na 54. Hizo tatu zisiwe siku moja.

Kuhusu mada mbili za mkubwa, Jumamosi iache. Jumamosi ya masomo inamfanya achukie na Jumatatu. Angalia kwanza mada ipi inabeba nyingine. Sehemu haziwezi kurukwa, maana desimali zimesimama juu yake na asilimia zimesimama juu ya desimali. Hiyo ipewe muda wake wote hata kama mtachelewa. Namba za Kirumi zinaweza kusubiri hadi Juni bila kudhuru kitu. Takwimu hamhitaji kuifungulia wiki yake. Mvua ya kila siku mkiiandika kwenye jedwali na kuichorea grafu ya nguzo, mtakuwa mmeshaifanya. Kama vitabu vimebaki kwa bibi, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure. Fungua kurasa mnazozihitaji usiku, intaneti ikiwa nafuu, asubuhi msisubiri.

---

Mzazi_Njiro

Hilo la bati nina la kusema. Msishindane na mvua. Vipindi vinavyotaka masikio ni vitatu: imla, kusoma kwa sauti na maelezo ya kitu kipya. Vingine vyote vinakwenda kimya. Kwa hiyo ratiba ya masika isiwe ya saa peke yake, iwe na vipindi viwili vinavyobadilishana nafasi. Mvua ikianza, imla inatoka na kazi ya kimya inaingia. Ikikatika, imla inarudi.

Andaa boksi la mvua Jumapili jioni. Ndani yake ziwemo kazi tano ambazo mtoto anaweza kuzianza bila kukuuliza neno: ramani ya mkoa ya kunakili, picha ya kutungia sentensi sita, maswali kumi ya Hisabati ya mada anayoiweza, kifungu cha ufahamu chenye maswali yaliyoandikwa, na karatasi ya kuchora. Mvua ikipiga, kila mmoja anachukua karatasi ya juu. Msipoandaa boksi, mvua inageuka kuwa likizo, na watoto watakuwa wanaiombea.

Wa kati anaweza kufanya imla hata katikati ya kelele mkikaa bega kwa bega na yeye akikutazama mdomo, lakini kwa maneno mafupi tu. Sentensi hapana, atakosea kwa kutosikia na hutajua kama ni tahajia.

Unyevu nao unaharibu. Daftari zikikaa sakafuni au zikiegemea ukuta, kurasa zinajikunja na wino wa kalamu za jeli unatawanyika. Kwa msimu huu tumieni penseli na kalamu za kawaida, na daftari zilale kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Chaki iliyonyonya unyevu inakwaruza ubao bila kuandika. Ianike juani likitoka, au iweke karibu na jiko, isiguse moto, kisha ifungie kwenye kopo. Kama mnapaka ubao upya sasa hivi, rangi inachelewa kukauka. Subirini siku tatu, halafu lazeni chaki ubavu, mpake ubao mzima kuwa mweupe, mfute kwa kitambaa kikavu, ndipo muandike. Mkiruka hatua hiyo, maneno ya kwanza yataacha kivuli kisichofutika.

Meza iwe karibu na dirisha, kwa sababu asubuhi za mawingu nyumba inakuwa na giza hata umeme ukiwepo. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia akae dirisha likiwa kushoto kwake ili kivuli cha mkono kisiangukie anachoandika. Wa kushoto, kinyume chake.

---

Kibo_Baba3 (Moshi)

Nadokeza moja tu ambalo halijasemwa. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi watahiniwa wake husajiliwa kupitia shule. Kwa mtoto wa miaka 11 hilo si la kusubiri. Kaeni na mwalimu mkuu wa shule ya karibu au afisa elimu wa kata mjue jina la mtoto liko wapi. Sekondari kuna njia ya mtahiniwa wa kujitegemea, ambaye husajiliwa kwenye kituo cha mtihani. Msingi siyo hivyo. Mapema muhula huu ni wakati mzuri, ofisi hazijabanwa na usahihishaji.

---

MamaNeema_Sakina

Asante Baba, jina la mkubwa na la wa kati yapo shuleni, lakini nitakwenda kuhakikisha. Mzazi wa Njiro, boksi la mvua naanza leo leo.

Baba Tumaini, hicho kipima mvua kinatengenezwaje? Nimejaribu kuangalia chupa za maji hapa ndani, zote zina mikunjo na kitako kimeingia ndani.

---

BabaTumaini_UsaRiver

Chupa yenye mikunjo mingi iache, itakudanganya. Tafuta ya lita moja na nusu ambayo mwili wake umenyooka angalau sentimeta 12. Ikate pale juu kabla haijaanza kubana, mahali ambapo upana bado ni ule ule wa mwili. Kile kipande cha juu, toa kizibo, kigeuze mdomo uelekee chini, kikae ndani ya chupa kama faneli. Hicho kinazuia maji yasikauke haraka na majani yasiingie. Kwa kuwa mdomo wa kupokea mvua na mwili wa chupa vina upana mmoja, milimita moja kwenye rula ni milimita moja ya mvua, hakuna hesabu ya kugeuza.

Kitako ndicho kinachowashinda wengi. Weka kokoto chache zilizooshwa, mimina maji mpaka yazifunike kabisa na yafike kwenye sehemu iliyonyooka, chora mstari hapo kwa kalamu isiyofutika. Hiyo ndiyo sifuri. Bandika rula ya plastiki kwa selotepu ya nje, lakini angalia: kwenye rula nyingi alama ya 0 haianzii ukingoni, kuna milimita kadhaa za ziada. Alama ya 0 ndiyo ikae kwenye mstari, ukingo uache ushuke chini.

Ichimbie chupa kwenye ndoo ya mchanga ili upepo usiiangushe, na mdomo wake uwe angalau sentimeta 30 juu ya ardhi, vinginevyo matone yanayoruka kutoka kwenye udongo yataingia. Iwe mbali na paa, mgomba au mti, umbali mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Mgomba wa mita 4, chupa iwe mita 8. Kama uwanja hautoshi, chagua pale palipo wazi zaidi na msihame msimu mzima, ili namba zilinganishwe.

Kila asubuhi saa 3 mtoto asome macho yakiwa usawa wa maji, siyo kutokea juu. Aandike tarehe na milimita, kisha amwage mpaka mstari wa sifuri. Siku isiyo na mvua maji ya sifuri hupungua kwa kukauka, kwa hiyo ayaongeze yafike mstarini kabla ya kuondoka. Wakisahau hilo siku mbili za jua, mvua ya siku ya tatu itasomeka pungufu. Na siku isiyo na mvua iandikwe 0, isiachwe wazi, kwa sababu wastani wa wiki unagawanywa kwa 7.

Kazi ya mkubwa ianzie hapo. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Ikinyesha milimita 12, bati limepokea lita 576, yaani tangi la lita 1,000 limepita nusu kwa usiku mmoja. Mwulize ni sehemu gani ya tangi, airahisishe: 576/1,000 inashuka mpaka 72/125, halafu aiandike kwa desimali, 0.576. Mwalimu wa Rau atafurahi, sehemu na desimali zimekutana bila kufungua kitabu. Wa kati ajumlishe milimita za wiki. Mdogo achore tone moja kwa kila siku iliyonyesha.

Kosa moja atakalolifanya mkubwa: atapima bati lenyewe kwa kufuata mteremko. Asifanye hivyo, eneo litakuwa kubwa kuliko mvua iliyopokelewa. Apime chini, kuanzia pale matone ya bati yanapodondokea upande huu mpaka upande ule.

---

MamaNeema_Sakina

Na nikikosa kabisa chupa iliyonyooka?

---

BabaTumaini_UsaRiver

Tumia kopo la maziwa ya unga, lile la bati lenye kuta zilizonyooka. Halionyeshi ndani, kwa hiyo atumbukize rula ya chuma au kijiti kikavu mpaka chini na apime sehemu iliyolowa. Hapo huhitaji kokoto wala mstari wa sifuri kwa sababu kitako ni bapa, ila mwage yote kila asubuhi, na tobo la kutu likitokea utaliona kwa namba zinazoshuka ghafla wakati mvua bado inanyesha.